Kalibu Inapokunywa

...na hicho kidude walichombandika kifuani, cheusi, kidogo, kama kupe aliyeshiba, eti kinasikia hata pumzi, basi Drateru akapumua kwa pua, polepole, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua, mkono mmoja ukingoni mwa kalibu na mwingine umeshika jagi la uji wa udongo, pale pale inapokaa mikono yake kila siku ya Mungu, ila leo mikono hiyo ilikuwa inatazamwa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hata wahenga hawakufikiria kwamba kingebandikwa kwa pini na kijana anayekuomba radhi huku anabandika, "pole mama, pole kidogo," Swaib huyu, fundi wa kamera, kijana wa hapa hapa Arua, mpole, ananukia sabuni, huwezi hata kumchukia vizuri, na hilo nalo lilimuudhi, maana leo alikuja kazini amejiandaa kuchukia. "Mama Peace, wewe fanya tu kama kawaida," Andrew alikuwa amesema, bosi mwenyewe, viatu vyake vimetafuta mahali pasipo na tope, "kama iko tayari ya kumwaga, wewe sema neno 'sasa'. Moja tu. Usiongeze ingine, mashine itachanganyikiwa." Itachanganyikiwa, maskini ya Mungu, mashine ya watu, iliyolala stoo chini ya turubai tangu iteremshwe kwenye lori, imefunikwa vizuri kuliko mgonjwa wa hospitali, ina mikono miwili ya chuma na haina jicho hata moja, jicho ndilo hili la miguu mitatu lililosimama mbele ya meza, nalo halijui kitu mpaka lifundishwe, na mwalimu wake ni yeye, Drateru, anayemwaga masinki ya choo katika kiwanda hiki tangu Peace wake hajaota meno, na Peace sasa ana mume na maneno mengi. Ndiyo, masinki ya choo, yale ya kuchuchumaa, ya shule na ya kambi za wakimbizi, wacha wacheke, kule kanisani Ombaci wanawake humuuliza kama bado anawapikia watu vyoo, naye huwajibu kwamba siku watakapoacha kula ndipo ataacha kupika, mzaha wa kila Jumapili, haumuumizi, kinachomuumiza ni huyu Andrew kumwita hazina. Hazina. Mbele ya wote, asubuhi, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, "Mama Peace iko hazina ya kiwanda, ujuzi yake haiwezi kupotea, lazima tuhifadhi," kuhifadhi, kama samaki wa chumvi, na watu wakapiga makofi, naye akatabasamu, alitabasamu kweli, midomo ilijiendea yenyewe, akavishwa kilemba cha ukoka na shingo akainyoosha kikae sawa. Baba yake huyu, marehemu Mzee Anguyo, aliyeanzisha kiwanda na kuwafundisha wote, hakumwita mtu hazina, ukikosea alikuita mpumbavu, ukipatia alinyamaza, na ulirudi nyumbani umeshiba kunyamaza kwake, lakini mtoto ana maneno matamu, mtoto anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa na wewe unasimama unang'aa.

Uji ulikuwa umeshuka, akaongeza kidogo, taratibu, kwa pembeni, usifanye povu. Plasta ya kalibu ilikuwa inakunywa. Hivi ndivyo ilivyo, unamimina uji wa udongo ndani ya kalibu mpaka ujae, plasta inafyonza maji na udongo unashika ukutani, unaganda kutoka nje kwenda ndani, na ukishapata unene wake unaiinamisha kalibu, unamwaga uji uliobaki, na kinachobaki humo ni sinki. Ukiwahi, ukuta unakuwa mwembamba na motoni unapinda, ukichelewa unakuwa mnene na unapasuka, na katikati ya kuwahi na kuchelewa ndipo anapokula Drateru. Hakuna uchawi, wala si siri, mtu yeyote akisimama hapa mvua na kiangazi atajua, ukingo unaacha kung'aa, uji unapunguza haraka ya kushuka, siku ya mvua plasta ni mvivu, siku ya jua ina kiu kama mlevi, basi, ni hayo tu, lakini hayo tu hayajawahi kutoka mdomoni, yanatoka mkononi, na huyu anataka yatoke mdomoni yaingie kwenye kupe wake. Bibi yake kule Dadamu, mfinyanzi wa vyungu vya pombe, hakuruhusu mtu aseme "kimekuwa" mbele ya chungu ambacho hakijatoka motoni, ukisema alikuchapa kiganja kwa kijiti cha kulainishia, alisema chungu kikisifiwa mapema kinajivuna na kikijivuna kinapasuka, na wajukuu walipita karibu na tanuri la nyasi wameziba midomo kama waliobeba maji ndani, na huo ndio ufinyanzi aliolelewa nao yeye, unaangalia na unanyamaza, sasa leo mzee mzima aanze kupayuka juu ya udongo mbichi, sasa, sasa, sasa, kama utingo anayepigia gari mayowe stendi. Tena kwa nini. Ili mikono ya chuma ije isimame hapa alipo yeye, isichoke mgongo, isiende msibani, isiombe ruhusa ya kumpeleka mjukuu kliniki. "Wewe utabaki, mama," Andrew alimwambia pembeni, "utasimamia mashine. Wengine tutaona." Wengine ni nani, wengine ni hawa wote waliopiga makofi, meza hii na ile na ile pale dirishani, walipiga makofi kama ng'ombe anayeshangilia kisu, na yeye peke yake ndiye aliyeambiwa pembeni, na akikumbuka kwamba moyo wake ulipoambiwa vile ulitulia kidogo, ulitulia kama umepewa kiti, anatamani kuutoa nje aupige makofi.

Lakini alikuwa na lake. Ndiyo maana alikubali kidude, ndiyo maana alisema "sawa bosi" kwa sauti ya kufa kikondoo. Lake alilipata kwa Kevina, kasta mwenzake, mmwagaji wa kalibu kama yeye, wa kiwanda cha Koboko, maana Andrew ana viwanda viwili, hiki na kile cha Koboko, na Swaib alianzia kule, alikaa na kamera yake mbele ya Kevina wiki iliyopita nzima, na Kevina akapiga simu akicheka mpaka maneno yanakatika, "Mama Peace, mimi naambia wao 'sasa' mapema. Kila mara mapema. Kidogo tu, hawawezi kuona. Hiyo kitu itajifunza ujinga mpaka ishibe," na Drateru akacheka mpaka maharage yakashika chini ya sufuria, akayala hivyo hivyo na ladha ya moshi, na hajawahi kula maharage matamu kama yale. "Akikuja Arua na wewe fanya hivyo hivyo," Kevina alisema. "Nitafanya," alisema. Na hila ilikuwa nzuri, ilikuwa safi, alilala nayo kama mtoto anavyolala na gauni la Krismasi, kwamba utasema sasa wakati ukingo bado unang'aa, ukuta utatoka mwembamba, kamera itaamini, na siku mashine itakapoamshwa chini ya turubai lake itamwaga masinki membamba kama karatasi, mamia, motoni yatalala chini kama watu walioonja waragi mara ya kwanza, na Andrew atasimama katikati ya vigae na viatu vyake vile, na mashine itafunikwa tena, itapandishwa lori, irudi ilikotoka. Kila mtu na silaha yake, mwenye mkuki ana mkuki, mwenye wakili ana wakili, kasta ana kuwahi kidogo. Na haikuwa dhambi, alishajiuliza, kwani aliyekuja kuchukua mkono wako unampa mkono wenyewe? Si unampa glavu. Akautazama uji. Ukingo ulikuwa unang'aa bado. Karibu, karibu kabisa, uji ukishuka mara moja tena ndipo atalisema, mapema, kwa upole, kwa uso wa mjane kanisani, na koo lake lilikuwa limeshalishika lile neno tayari.

Nyuma ya kamera walikuwa wanaongea, Andrew na Swaib, sauti za chini, za watu wanaodhani mwanamke akiangalia kazi masikio yanafungwa, "...hapana, kamera ilikuwa sawa, mimi nimeangalia yote tena..." huyo Swaib, "...ya Koboko yote ilikuwa nyembamba. Yote, bosi..." na ndani yake Drateru alicheka, Kevina wangu, Kevina mtoto wa watu, uso haukucheka, uso ulibaki mjane, "...si kamera basi," Andrew, "ni uji. Uji ya kule ilikuwa maji tu. Yule mama wa pipa tumetoa..." na ubao ulianguka mahali fulani uani, mtu akakohoa, "...na hapa?" aliuliza Swaib, "...hapa leo tutaona. Ikiharibika tena, basi shida iko kwa hawa wachanganyaji yote, nitatafuta watu ingine," na Andrew akanyoosha kidevu, kidevu tu, kuelekea kona ya pipa, ambapo Constantino alikuwa anakoroga uji na kijiti chake kirefu, mzunguko, mzunguko, kama anavyokoroga siku zote. Yule mama wa pipa. Koboko ina mama mmoja tu wa pipa. Rosina. Akamimina nje ya kalibu, uji ukadondoka mezani, akauacha hapo hapo, yule mama wa pipa ni Rosina, dada yake Constantino, aliyevuka naye mpaka wa Oraba kwa miguu enzi zile watu wa Yei, kule ng'ambo, walipokuwa wanakimbia vita, yeye akashikwa na kazi Koboko na kaka yake akasogea mpaka huku, na asubuhi hii, asubuhi hii hii, Constantino alimletea ndoo ya kwanza ya uji, akaiweka chini, akasimama, mtu ambaye husimami naye kwa sababu hasimami, akasema, "Mama Peace, dada yangu walifukuza. Alifika jana na beseni yake kichwani." "Kwa nini, Baba Poni?" "Wanasema uji yake iko maji. Mimi sijui. Rosina anajua kukoroga kushinda mimi." Na Drateru akasema pole. Pole, Baba Poni, Mungu yuko. Akasema na kingine, akasema, "Hiyo ndoo isogeze karibu." Masikio yake mwenyewe yalikisikia na hayakuunganisha kitu, kwa sababu kichwa kizima kilikuwa kinapiga vigelegele juu ya hila yake, kilikuwa kinapanga namna ya kuwahi, na mtu alikuwa amesimama mbele yake amebeba matokeo ya hila hiyo.

Uji wa Rosina haukuwa maji. Hilo analijua kama anavyojua jina lake. Uji wa Rosina alishaumwaga mwenyewe, ule mwezi alioazimwa Koboko Kevina alipojifungua, ulikuwa uji wa mtu anayeogopa Mungu, mzito sawasawa, hauna hata chembe, ulimiminika bila sauti. Ukuta ulikuwa mwembamba kwa sababu Kevina alisema sasa kabla ya wakati, na ukuta wa uji wa maji na ukuta wa sasa ya uongo ukiuangalia ni ukuta mmoja, hauna tofauti, hata Mzee Anguyo afufuke hawezi kuutofautisha, na hapo ndipo walipokosea, walipokosea wapi, yeye na Kevina, wapumbavu wawili, hawakusahau mashine, hawakusahau kamera, walisahau kiwanda chao wenyewe, kwamba hapa sinki likiharibika kosa lina mwenyewe tayari. Kosa la uji. Ndivyo inavyosemwa, haijawahi kusemwa vingine, sinki likipinda, kosa la uji, likipasuka, kosa la uji, likitoka na tundu, angalieni pipa kwanza, Mzee Anguyo mwenyewe alianza na pipa, na makasta wote, meza hii na ile na ile ya dirishani, huanza na pipa, kwa sababu kazi ya kasta inaonekana imesimama pale ina umbo, lakini kazi ya mkorogaji imemezwa ndani, nani ataitetea, na tena wakorogaji wote ni watu wa ng'ambo, waliokuja na mabeseni, wanaochimba udongo na kuubeba na kuukoroga na asubuhi ya makofi hawakuitwa, wao walikuwa pipani. Njia ilikuwa imeshalimwa. Uongo wa Kevina ulitoka mdomoni mwake ukiwa umelengwa Andrew na mashine yake, haukufika hata nusu, ukashuka ule mtelemko wa kila siku, jumba bovu likamwangukia Rosina. Na Kevina alijua. Alijua, asiniambie hakujua, meza yake na pipa la Rosina vinatazamana, mboga wanakula sahani moja, alimwona anachukua beseni lake na kutoka, na bado akapiga simu akacheka. Au alipiga kabla. Drateru alijaribu kukumbuka, simu ilikuwa Jumapili baada ya misa, Rosina amefika jana, na kati ya Jumapili na jana simu haikulia tena, Kevina ambaye hupiga simu hata akiona nyoka aliyekufa njiani hakupiga, basi alijua, alinyamaza, akaruka kimanga bila hata kuulizwa, na Drateru alimchukia hapo hapo, kwa moyo wote, akamchukia na kicheko chake na yale maharage, mpaka akaona kwamba anamchukia mtu ambaye dakika hii anafanya sawasawa na yeye. Neno lilikuwa bado kooni. Mapema, kwa upole. Akilitoa, Swaib ataandika mahali, masinki ya leo yatapinda, na Baba Poni atatafuta beseni.

Akamtazama. Hakutaka, macho yalikwenda. Constantino alikuwa ameinua kijiti na anaangalia uji unavyoteremka kutoka kwenye ncha yake, uzi mmoja mrefu usiokatika, ndivyo anavyoupima, halafu akakirudisha, mzunguko, mzunguko, na hakuna kitu usoni mwake, hakuna, amesikia au hakusikia, mtu aliyefukuzwa na bunduki za kwao hashtuki kwa kidevu cha Andrew, na subira hiyo ilimpandisha Drateru hasira mpya, kasirika basi, alitaka kumwambia, tupa hicho kijiti, niite jina baya, niulize mimi na Kevina tumekufanyia nini, lakini hawezi kumwambia, kupe anasikia. Na hata angekasirika angekwenda wapi na hasira yake, angeimwaga wapi, chini yake hakuna mtu. Ndiyo hiyo. Andrew hasira yake anamwaga kwa makasta, makasta wanamwaga kwa pipa, pipa halina pa kumwaga. Hasira ya kujificha ina tabia ya maji, haipandi, huwezi kuificha ndani ya neno la uongo ukaiambia panda mpaka kwa bosi, inashuka, inamkuta aliye chini kuliko wote na kumzamisha, na wewe uko juu kavu unacheka kwenye simu. Basi aseme kweli. Aseme sasa ya kweli, kwa wakati wake, sinki baada ya sinki, leo na kesho na kesho kutwa, jicho la miguu mitatu lishibe, mashine iamke, na wale wa meza ile na ile ya dirishani waende nyumbani, na yeye abaki hazina, asimamie mikono ya chuma, aifute vumbi, ailaze na turubai lake jioni. Hapana. Hapana, mjinga wewe, hiyo nayo hapana. Ukisema uongo unamfukuza Constantino, ukisema kweli unawafukuza wote polepole, na Andrew katika yote mawili viatu vyake visafi. Kwa dakika hiyo alitamani kalibu ipasuke yenyewe, plasta igawanyike, uji umwagike mezani mpaka kwenye viatu, ili asiwe na neno la kusema, lakini kalibu ilikuwa nzima, kalibu nzuri, aliitengeneza yeye mwenyewe, na ilikuwa inakunywa kwa raha zake. Akaongeza uji. Mkono ulikuwa imara, na hilo lilimshangaza kidogo, hasira ilikuwa pale pale, imefura, inampanda shingoni, lakini mkono umetulia. Kwa nini umetulia. Kwa sababu mkono umeshajua kitu, aliona, mkono umetangulia. Hawa wanamhitaji. Ya Koboko imeharibika yote, Swaib amesema mwenyewe, Koboko hawana kitu, wana wiki nzima ya sasa za uongo, basi wanachotaka kiko kwenye koo hili moja na hakuna kwingine kwa sasa, na kitu ambacho mtu anakihitaji kwako humpi kibovu kwa kujificha, unaweza kumnyima mchana kweupe akikuangalia. Huo ndio mlango ambao yeye na Kevina hawakuuona, kwa sababu walikuwa wanaogopa, tuseme ukweli, kile kicheko chote kilikuwa woga umevaa nguo za sherehe, walitaka kupiga bila kuonekana waliopiga, na anayetaka kupiga bila kuonekana lazima aache mtu mwingine asimame pale ngumi inaporudi.

Basi itakuwa hivi. Moja ya kweli ataisema. Kalibu hii, moja, kwa wakati wake wenyewe, ili sinki lisimame na ukuta wake kamili na wote waone uji wa Baba Poni hauna kosa, na Andrew atafurahi, atafungua mdomo aseme hazina, na kabla hajaufunga Drateru atakivua kidude hiki, atakiweka mezani pale kwenye uji uliodondoka, na atasema mengine, kwa Kiswahili hiki hiki cha kiwandani ambacho kila mtu hapa anakielewa, asigeuze kwa Kilugbara wakaelewa nusu, kwamba uji wa Koboko ulikuwa mzuri, kwamba ni sisi, mimi na Kevina tulipanga, hatataja Kevina peke yake, hapana, anamchukia lakini si kwa bei hiyo, mchana atampigia simu na atamwambia mwenyewe kwa jina lake la ubatizo, ajiandae, aende akamtafute Rosina kabla hajatafutwa yeye, na kwamba neno lingine la kumwaga Andrew hatalipata hapa mpaka Rosina arudi kwenye pipa lake, na mpaka wale wa meza zote waambiwe pamoja, si pembeni, nani anabaki na nani anakwenda na kwa nini. Watamfukuza. Aliliona hilo likiwa wazi kama sahani, Andrew atakunja uso, atasema ameumia sana, wenye maneno matamu huumia sana, na atamfukuza, leo au Ijumaa, na yeye nyumbani hana kitu kingine, shamba la Dadamu ni la kaka zake, mgongo wake ni wa kuinama juu ya kalibu haujui jembe tena, na Peace atasema mama ulishindwa nini kunyamaza. Itauma. Wapo wengine watakaosema sasa mbele ya kamera, mmoja wa meza hizi, kesho, kwa kuambiwa pembeni, na mashine itaamka tu siku moja, yeye si mtoto, anajua mashine haizuiwi na mwanamke mmoja wa masinki ya choo. Lakini atafukuzwa yeye, kwa kosa lake, kwa jina lake, Drateru, si kosa la uji. Hasira ilikuwa imebadilika mahali, ilikuwa kooni na sasa ilikuwa chini tumboni, nzito, imekaa, kama mgeni aliyeamua kulala. Uji ukashuka ile mara moja aliyokuwa anaingoja. Ukingo bado unang'aa. Hapa ndipo Kevina alipokuwa anasema, hapa hasa, na kamera ilikuwa inatazama, na Swaib aliinua kichwa chake cha upole nyuma ya miguu mitatu, labda alichoka kungoja, labda aliona kitu usoni mwake, akauliza, "Mama Peace, sasa?" na pipani kijiti kilisimama, Constantino alikuwa anamwangalia, si kamera, si Andrew, yeye, na kumbe alisikia kila kitu.

"Bado," alisema Drateru, na akaongeza uji.